Mkono Ulioungua kwa Baridi

Kwa wewe uliyetukosa Jumapili iliyopita, habari ni kwamba gari la Wariara limekwenda.

Ni Probox nyeupe aliyoinunua kwa jasho lake mwenyewe. Iliondoka Dundori mchana kweupe kutoka nje ya ukumbi wa wafugaji, huku yeye yumo ndani akiwaeleza wenzake jinsi ya kumtambua ng'ombe anayetaka ndume. Alipotoka alikuta pahali pake pameegeshwa pikipiki ya muuza mayai. Muuza mayai akasema aliliona gari likitoka, akadhani ni yeye anayeendesha.

Kazi ya Wariara ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija. Watu wa mlimani humwita daktari, ingawa cheti chake hakisemi hivyo, na hajawahi kumsahihisha mtu. Nyuma ya gari alikuwa amebeba mtungi wa nitrojeni, kitu chenye baridi ambayo mbele yake barafu ni uji moto. Ndani ya baridi hiyo hulala mbegu za mafahali, kila moja katika mrija mwembamba. Wafugaji walikuwa wamejikusanya wakaagiza mbegu za fahali mmoja wa kuzaa mitamba, ndama majike watupu. Mtungi ukifunguliwa ovyo, baridi hupaa na mbegu hufa bila kelele.

Basi halikuwa gari tu lililoibwa. Ni ndama wa mwaka mzima.

Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba sasa alikuwa mmoja wa wale walioibiwa.

Kwa miaka yote Wariara alikuwa na maneno yake: gari haliibwi, gari huachiwa wezi. Jirani yake alipopoteza pikapu, alikwenda kumpa pole, akamwuliza kama alikuwa na kufuli ya usukani, akamwuliza kama alikuwa na alamu, kisha akamtazama jinsi unavyomtazama mtu aliyeumwa na mbwa aliyemfuga mwenyewe. Yeye alikuwa na alamu. Alikuwa na kufuli nyekundu ya usukani. Alikuwa na traka ya kuonyesha gari liliko, na chini ya zulia la dereva alikuwa na swichi ya siri ya kukata mafuta, ambayo hakuacha kuibonyeza hata akishuka kununua vitunguu.

Sasa jirani yule alikuja kumpa pole. Hakuuliza kitu. Alimtazama tu, akanywa chai, akaenda zake.

Kituoni alimkuta Koplo Sitati, mtu mnene mwenye sauti ya usingizi. Koplo aliuliza gari ni la nani. Wariara akasema ni lake. Koplo akauliza tena, yaani la mzee? Wariara akasema mzee hana hata baiskeli. Koplo akaandika polepole, akamwambia aende nyumbani, watampigia. Wariara alitoka akijua kwamba mtu yule hawezi kupata hata kofia iliyo kichwani mwake.

Nyumbani hali ilikuwa ileile. Mumewe, Gachanja, alikuwa amefanya kazi katika shamba la maua kule Naivasha hadi walipopunguza watu. Tangu hapo alikaa nyumbani, akakamua, akapika, akawapeleka watoto, Abby na wadogo zake, shule, na kila asubuhi akaosha gari la mkewe. Wariara hakumtukana hata siku moja. Alikuwa hamwulizi kitu, basi. Ng'ombe akiugua, hamwulizi. Akinunua kipande cha shamba, hamwulizi. Gachanja alipomkuta mkewe amekaa jikoni na uso wa mazishi, alitaka kujua yaliyotokea, na Wariara akamwambia aendelee na maharagwe yake.

Kisha kulikuwa na Cucu, mama yake Gachanja, aliyeishi katika nyumba ndogo upande wa pili wa ua. Cucu hakula chakula kilichopikwa na Wariara tangu siku alipomwona ametia mkono hadi kwapani ndani ya ng'ombe wa jirani. Alisema mkono wa mke wa mtu una pahali pake. Kanisani akina mama wenzake walimwuliza kwa utani kama mkaza mwanawe ananawa kwa sabuni ama kwa moto, naye utani ule aliubeba hadi nyumbani na kuulalia. Habari za wizi zilipomfikia, alisema Mungu hutoa na Mungu hutwaa, akaomba chumvi.

Hapo ndipo tulipokomea.

Wa kwanza kuleta matumaini alikuwa Mbugua, fundi wa Nakuru aliyeweka traka. Mbugua ana duka lenye kioo kikubwa na bango la jicho la tai. Alipiga simu akiwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto. Gari limeonekana, boss. Liko Kihoto, Naivasha, linatembea polepole kando ya ziwa. Bila shaka wanatafuta pa kulificha.

Waliondoka pamoja kwa gari la Mbugua. Njia nzima Mbugua alieleza ubora wa kifaa chake, kilivyo na betri yake mwenyewe na sumaku yake mwenyewe, na jinsi mwizi hata akikitoa kitaendelea kusema. Wariara alimsikiliza akitazama nje. Alikuwa ameanza kumchukia tangu Gilgil.

Kihoto maji ya ziwa yalikuwa yamepanda hadi kwenye milango ya nyumba za mbele. Simu ya Mbugua ilionyesha gari limesimama hatua chache mbele yao. Waligeuza kona, wakasimama.

Mbele yao alisimama punda.

Alikuwa amefungwa mkokoteni wa mapipa ya maji, na mwenye punda, mzee mwenye gambuti za mpira miguuni, alikuwa akimjazia mama mmoja ndoo. Mbugua alizunguka mkokoteni mara mbili. Akainama, akatia mkono chini ya ekseli, akatoa traka ya Wariara, nzima, taa yake ya kijani ikiwaka. Mzee alisema hajui chochote. Alikuwa amesimama sokoni kununua mkate, na kijana mmoja mwenye kitambaa mkononi akaegemea mkokoteni kidogo kama aliyechoka.

Mbugua alisema angalau wameona kwamba kifaa kinafanya kazi.

"Kweli kinafanya kazi," Wariara alisema. "Huyu punda hataibwa."

Walipofika Gilgil, Wariara alisema anataka kushuka. Alikuwa amepigiwa simu.

Aliyepiga ni Winrose, muuguzi katika zahanati ndogo ya mtu binafsi pale Gilgil, kando ya barabara kuu. Walikaa dawati moja sekondari, na ni Winrose aliyemfunga bendeji zamani zile Wariara alipokuwa mwanafunzi wa mifugo, alipotia kidole penye nitrojeni kwa kutaka kujua. Kovu lake lipo hadi leo.

Winrose alianza kwa kusema kwamba hajasema chochote. Kisha akasema. Kuna mtu alikuja na mkono wa kulia umeharibika. Alidai alimwagikiwa na mafuta ya kukaangia. Lakini mafuta huacha nyama nyekundu, na mkono huu ulikuwa mweupe kama nta ya mshumaa, umevimba malengelenge makubwa, na vidole viwili havikuhisi sindano. Winrose alikuwa ameona kitu kama hicho mara moja tu maishani. Na mtu huyo angerudi mchana ule kubadilishiwa bendeji.

Wariara alikaa katika chumba cha kufungia vidonda, akavaa koti jeupe la Winrose, akangoja.

Alitarajia jitu. Mtu aliyemwibia yeye, Wariara, alistahili kuwa na kifua, na kovu usoni, na akili. Aliyeingia alikuwa kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, mkono wa kulia ameubeba kama mtoto mchanga. Alijiita Hiram. Alimsalimu, "Sasa mathe," kama anayemwita mama yake, akakaa bila kukaribishwa, akalalamika kwamba dawa walizompa hazina nguvu.

Wariara alimwambia yeye ni daktari, ameletwa kuuangalia mkono huo. Hakusema ni daktari wa nani. Alifungua bendeji taratibu. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeanza kubadilika rangi, na harufu ilikuwa imeanza. Aliugeuza mkono huku na huku kama anavyogeuza kwato.

"Ulishika chuma chenyewe, ama mkono uliingia kwenye yale maji?" aliuliza.

Hiram akasema ni mafuta.

"Mafuta hayatoi moshi mweupe unaoshuka chini badala ya kupanda juu. Nimekuuliza ulishika chuma ama maji."

Kijana aliurudisha mkono kifuani. Akautazama mlango. Winrose alikuwa amesimama pale nje, na nyuma yake mlinzi wa zahanati na rungu lake.

Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni vyote viwili. Walipofungua kifuniko moshi ulitoka, na kwenye shingo ya mtungi kulikuwa na vishikio vimening'inia ndani, kama vya ndoo. Mwenzake alisema kitu kinachofichwa hivyo lazima kina bei, pengine dawa za hospitali kubwa, pengine madini. Hiram akatia mkono kuvuta.

"Unajua ulichovuta?"

Hakujua.

"Ni mbegu za fahali," Wariara alisema. "Mkono wako unaoza kwa sababu ya manii ya ng'ombe."

Uso wa Hiram ulifanya mambo mengi kwa pamoja. Wariara alipata raha ambayo hakuwa ameipata tangu gari lipotee, na hakuionea haya. Alimweleza, bila kupandisha sauti, kwamba zahanati hii haiwezi kumsaidia. Mkono huo unahitaji hospitali kubwa leo hii, kesho vidole vitakuwa habari ya zamani, na kwamba hakuna mtu atakayempeleka popote kabla hajasema gari liko wapi. Lilikuwa uchochoroni, Hiram akasema, katika ua wa vyuma kuukuu nyuma ya maduka, karibu sana na pale walipoketi.

Angeishia hapo, yote yangekuwa rahisi. Lakini Wariara alitaka kuonja zaidi. Alitaka mwizi huyu aone ukubwa wa alichokishinda. Akamwuliza aliwezaje, kijana kama yeye, kulitoa gari lenye ulinzi kama ule.

Hiram alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akaona kidole chenye kovu, akaona mikono mipana, na kitu kama cheko kikamjia.

"Kumbe ni wewe yule wa ng'ombe," alisema. "Mathe, ulinzi gani? Ile kufuli ya usukani niliikata kama muwa, traka nikaibandikia punda wa maji. Hiyo ingine yote sikuguza. Nilipewa ufunguo."

Alieleza kwa kiburi cha mtu ambaye hana kingine cha kujivunia. Yeye hununua vyuma kuukuu, huzunguka vijijini na mkokoteni akipiga kengele. Alikuwa amepita Dundori kwenye ua wenye lango la bluu, na shosho wa pale, bibi kizee, akamwuzia jembe bovu na sufuria iliyotoboka. Kisha akamwuliza kama magari pia huwa anachukua. Hiram alimwona amezeeka akili. Alipopita mara ya pili, shosho alifungua ncha ya leso yake na ndani mlikuwa na ufunguo wa gari, ule wenye kidude cha kuzima alamu. Akamwambia siku ya mkutano na pahali pa mkutano. Hakutaka malipo. Alitaka gari liende mbali, lisirudi.

"Nilimwuliza, shosho, hii gari haina mwenyewe? Akasema mwenyewe hana haya."

Wariara alimfunga bendeji mpya. Mikono yake ilifanya kazi bila yeye. Lango la bluu alilipaka rangi yeye mwenyewe.

Alimpigia Koplo Sitati kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumpigia. Koplo alifika mapema kuliko alivyomdhania, akamtia Hiram pingu kwenye mkono mzima, akamfuata hadi kwenye ua wa vyuma. Kuhusu shosho, Wariara hakusema neno. Hilo lilikuwa la nyumbani, na alitaka kuliua mwenyewe.

Gari lilikuwa limekalishwa juu ya mawe. Magurudumu hayapo, betri haipo, vioo vya pembeni vimeng'olewa pamoja na namba aliyoichongesha juu yake, kiti cha nyuma kimekwenda. Mtungi ulikuwa umelala ubavu kwenye majani, mdomo wazi, umekauka kabisa. Wariara aliuinua, akautafuta ule mfuniko wake wa sifongo, akaupata chini ya gari, akaurudisha mahali pake akaukandamiza vizuri, ingawa hakukuwa na kitu tena cha kufungia.

Koplo aliuliza kama hicho ndicho kilichokuwa na thamani. Wariara akamwambia kilikuwa na ndama wa mlima mzima. Koplo hakucheka. Aliingia upande wa dereva, akainua zulia, akakaa pale ameinama kwa muda mrefu akipumua kwa shida. Wariara alidhani anatafuta sarafu.

Asubuhi iliyofuata aliingia katika nyumba ya Cucu bila kubisha. Cucu alikuwa akichambua maharagwe meusi ya njahi kwenye ungo. Gachanja alikuwa bandani akikamua, na mlango ukiwa wazi maziwa yalisikika yakigonga ndoo.

Wariara alikuwa amepanga maneno usiku kucha, maneno yenye makali, lakini yote yalikwisha mbele ya mwanamke yule mdogo mwenye ungo. Akamwuliza tu kama ni kweli alimpa mtu wa vyuma ufunguo.

"Ni kweli," Cucu alisema. Hakuacha kuchambua. "Ulidhani nitakataa? Mimi si mwizi wa kukana."

Wariara akamwuliza ni kwa nini, na hapo bibi kizee aliweka ungo chini. Alisema alimlea mwanawe wa pekee kwa kibarua cha pareto, akamsomesha, ili aje kuwa mwenye boma. Leo mwenye boma anafua soksi za watoto na kumwoshea mkewe gari kama kibarua wa stendi, na mkewe anapita na vumbi bila kumwambia hata nimekwenda. Akina mama kanisani wanaona. Mlima mzima unaona. Basi alifikiri, kinachomwinua mwanamke huyu juu ya mume wake ni nini? Si elimu, kwa maana Gachanja naye alisoma. Si uzuri. Ni magurudumu manne.

"Nikasema yaende, Mama Abby. Nikuone ukitembea kwa miguu kama sisi."

Wariara alimwambia kwamba ametupa chakula cha wajukuu wake. Cucu akajibu kwamba wajukuu wake walikula kabla ya gari. Walitazamana, na kila mmoja aliona kwa mwenzake kile alichokuwa amekijua siku zote, na hakuna aliyeangusha macho.

Pikipiki iliingia uani. Nyuma yake, akiwa ameishika kofia yake, alikuwa Koplo Sitati.

Hiram alikuwa amezungumza hospitalini, koplo alieleza akishuka. Alikuwa amesema mengi. Akaomba kiti, akakipata, akakaa katikati ya ua pale ambapo gari lilizoea kusimama. Gachanja alitoka bandani na ndoo ya maziwa, akasimama.

Cucu alijitokeza mlangoni mwenyewe. Alisema ufunguo wa akiba aliutoa yeye, aliutoa kwenye koti la Gachanja, na kama wamekuja kumchukua wamwache avae viatu.

Koplo alisema asiwe na haraka.

"Shosho, gari lile lilikuwa na swichi ya siri. Ikibonyezwa, hata uwe na ufunguo wa dhahabu, gari haliendi. Mama hapa huibonyeza kila akishuka, hata siku ile aliibonyeza. Lakini gari liliwaka. Ulimwonyesha Hiram swichi iko wapi?"

"Swichi ya nini?" Cucu aliuliza. "Ya stima?"

Koplo aliitikia kwa kichwa, taratibu, kana kwamba hilo ndilo jibu alilolifuata kutoka kituoni. Alisema jana aliinua zulia akaiona. Nyaya zake zilikuwa zimeunganishwa, swichi ikawa ya bure, ukibonyeza usibonyeze ni mamoja. Na juu ya nyaya kulikuwa na utepe mweusi, umeviringishwa kwa utulivu, ncha yake imekatwa kwa makasi. Hiram hakujua hata kwamba swichi ipo. Na mwizi hana nafasi ya kuviringisha utepe vizuri hivyo.

Wariara alianza kuhesabu. Walioijua swichi ile walikuwa watatu. Mmoja ni yeye. Wa pili ni Mbugua, aliyeiweka. Hakugeuka kumtazama wa tatu.

Ndoo iliwekwa chini.

"Ni mimi," Gachanja alisema.

Alisema bila kujikaza, kwa sauti yake ya kila siku, ile ambayo Wariara alikuwa ameacha kuisikia. Alikuwa nyuma ya ua akikata majani ya ng'ombe mama yake alipozungumza na mtu wa vyuma. Alisikia yote. Angeweza kumfuata mtu wa vyuma akaudai ufunguo. Angeweza kumwambia mkewe. Badala yake, asubuhi ya mkutano alipokuwa akiosha gari, aliinua zulia akaziunganisha nyaya. Kisha akalifuta gari vizuri, akalifunga, akamkabidhi.

"Kwa nini?" Wariara aliuliza. Lilikuwa swali la kwanza kumwuliza kwa muda mrefu mno.

"Nilitaka uniulize kitu," Gachanja alisema. "Nilifikiri gari likienda, jioni utaingia uniulize, tufanyeje. Uliingia ukaniambia niendelee na maharagwe."

Wariara alitafuta dharau yake, ile aliyoivaa kila siku kama gambuti, akaikosa. Ilikuwa imejengwa juu ya jambo moja tu, kwamba Gachanja hawezi kitu. Hakujua kumdharau mtu aliyeweza hili. Wala hakujua ni kitu gani kingine cha kumfanyia.

Ndipo Cucu aliposhuka ngazi bila viatu, akaja akasimama kati ya mwanawe na koplo.

"Msimsikize," alisema. "Huyu? Huyu tangu utotoni hajui kushika bisibisi. Balbu ikiungua huita jirani. Mwangalieni mikono. Huyu hawezi kitu, kila mtu hapa mlimani anajua, mwulizeni hata mke wake. Hizo nyaya niliunganisha mimi."

Gachanja alimtazama mama yake. Kisha akageukia bandani.

Koplo Sitati aliinuka kwenye kiti kwa uzito wake wote, akatoa pingu. Alimtazama bibi kizee asiye na viatu, akamtazama mwanamume aliyesimama kando ya ndoo, kisha akamgeukia Wariara. Uso wake haukuwa na usingizi hata kidogo.

"Ripoti ni yako, daktari," alisema. "Mumeo nimemsikia na shosho nimemsikia. Wewe ndiwe unayeishi nao. Nimchukue yupi?"